Mgeni Hapewi Jembe Bila Kibali

(Maneno haya aliyasema ndugu yetu mmoja, fundi wa kuchomea vyuma, mbele ya mkutano wa wanachama wa tawi la Nakuru. Tumeyapiga chapa kwa sababu wengi waliokuwa zamu siku hiyo wameomba kuyasoma. – Mhariri)



Bwana Katibu ameniomba niseme juu ya safari za kwenda kufanya kazi nchi za nje, na hasa juu ya hii viza ya biashara ambayo vijana wetu wanaulizana habari zake kila siku. Mimi si mwanasheria. Nilisoma shule ya msingi ya misheni huko upande wa Molo, kisha nikafundishwa kuchomea vyuma, basi. Lakini asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu, na somo hili nimefunzwa na ulimwengu.

Tena ninalo deni la kusimama hapa. Watatu kati yenu mlinidhamini mkopo wa shilingi 180,000 katika chama chetu cha akiba mwaka 2022. Nilipokwama ng'ambo, mshahara wenu ndio uliokatwa. Sitawataja majina, mnajijua. Pesa ninazirudisha kila mwezi, na Mweka Hazina ni shahidi. Lakini nimeona kwamba pesa peke yake haitoshi. Nawadai nafsi yangu maelezo, nanyi mna haki ya kuyasikia.

NILIYOYAPATA

Mwishoni mwa mwaka 2022 mapatano yangu ya kazi ya muda yalikuwa yakielekea kwisha. Nina mke na watoto wawili. Akatokea dalali mmoja hapa mjini, kijana mwenye maneno mazuri, akasema kwamba katika nchi ya Falme za Kiarabu wanatafuta mafundi wa kuchomea, mshahara dirham 1,800 kwa mwezi, chakula na malazi juu ya mwajiri. Nilimwuliza, "Kibali cha kazi je?" Akacheka. Akasema, "Fundi, kibali kinachukua miezi. Wewe ingia kwa viza ya siku sitini. Ukiulizwa uwanja wa ndege, sema umekuja kutazama biashara. Ukifika, bosi atakubadilishia karatasi."

Nilitoka Nakuru mwezi wa Machi 2023. Uwanja wa ndege waliniuliza, nikasema biashara. Huo ulikuwa uongo wa kwanza, na ule wa kwanza ulizaa mingine. Karakana nilipelekwa usiku ule ule. Pasipoti ikachukuliwa "iwekwe salama". Mapatano niliyowekewa mbele yangu hayakuwa na nambari yoyote ya serikali. Ilikuwa karatasi moja tu, tena kwa Kiarabu, nami nikaitia sahihi kama kondoo.

Mwezi wa kwanza nilipewa dirham 700. Nikaambiwa zilizobaki zimekatwa kwa ajili ya kitanda na nauli. Mwezi wa pili nilipewa 700. Tarehe 10 Mei siku zangu sitini zikaisha, na hakuna karatasi iliyobadilishwa. Tangu mwezi wa tatu nikawa nalipwa leo nikikosa kesho. Mwaka 2024 miezi mitatu ikapita bila senti. Nilipodai, yule bwana hakunipiga wala hakunitukana. Aliniambia kwa upole, "Nenda ukashitaki."

Ndugu zangu, neno hilo ndilo lililonivunja. Mimi ni mtoto wa chama. Nimezoea kwamba mtu akidhulumiwa huja kwa mwakilishi, mwakilishi huenda kwa mwajiri, wakishindwana huenda kwa afisa wa kazi. Lakini kule kwenda kushitaki kulikuwa ni kwenda kujishitaki. Nitasema nini? Kwamba mimi ni mgeni wa biashara ninayedai mshahara? Mkenya mmoja mzee aliyekuwa na kibali chake halali aliniuliza, "Kijana, nambari ya kibali chako ni ipi?" Nikanyamaza. Akasema, "Basi kwa serikali ya hapa kazi yako haijapata kuwako."

Siku moja jiwe la kusagia chuma lilinikata mkono. Kovu ni hili. Mwenye kibali ana bima ya matibabu. Mimi nilifungwa kitambaa na mwenzangu, nikarudi kazini.

Na saa hizo zote faini ilikuwa ikikua. Sheria ya kule ni dirham 50 kwa kila siku unayozidisha. Hesabuni wenyewe tangu Mei 2023 mpaka Septemba 2024: ni zaidi ya dirham 24,000, yaani zaidi ya shilingi laki nane za Kenya. Nilikuwa nimekwenda kutafuta pesa, na kila asubuhi niliyoamka nilikuwa nimeongeza deni kabla sijapiga mswaki.

Kilichonitoa ni msamaha. Serikali ya Falme za Kiarabu ilifungua muda wa msamaha tangu tarehe 1 Septemba mpaka 31 Desemba 2024, ili watu waliozidisha siku zao waondoke bila faini wala kupigwa marufuku kurudi, au watengeneze karatasi zao. Nilikwenda kwa ubalozi wetu mdogo wa Dubai, nikapewa hati ya safari, nikarudi nyumbani. Niliondoka na begi moja na nikarudi na begi moja. Wengine hawakupata msamaha kama huo, na wengine walirudi ndani ya sanduku. Kwa hiyo namshukuru Mungu.

ZAMANI RELI ILIKUWA MOJA

Wengine watasema, "Mbona wazee wetu walifanya kazi Kampala na Tabora bila mambo haya?" Ni kweli, na yafaa tujue kwa nini.

Reli yetu tangu mwanzo ni kazi ya wageni. Ilianza Mombasa mwaka 1896, ikafika hapa Nakuru mwaka 1900, na ziwani Kisumu mwishoni mwa 1901. Wafanya kazi karibu 32,000 waliletwa kutoka Bara Hindi. Waliteseka, na karibu 2,500 walikufa. Lakini kumbukeni jambo moja: walikuja na mapatano yaliyoandikwa, ya miaka mitatu, yenye kusema mshahara na nauli ya kurudi kwao. Hata watu wa zama zile za ukoloni walijua kwamba mtu havushwi bahari kwa maneno matupu.

Baadaye, mwaka 1948, reli ya Kenya na Uganda iliunganishwa na ile ya Tanganyika, ikawa Reli na Bandari za Afrika Mashariki. Babu yangu alikuwa msaidizi wa dereva. Alihamishwa kutoka Nakuru kwenda Kampala kama vile leo mtu anavyohamishwa kwenda Eldoret. Alipewa barua ya uhamisho na behewa la kuchukulia vyombo vyake, mke, watoto na kuku. Mwajiri alikuwa mmoja, reli ilikuwa moja. Hakuulizwa yeye ni mgeni wa nani.

Lakini siasa zikageuka. Mwaka 1970 serikali ya Uganda ya Dk. Milton Obote iliwaondoa kazini maelfu ya Wakenya. Jirani zake babu waliokuwa wakifanya kazi nje ya reli walifunga mizigo wakaondoka. Yeye alikingwa na barua yake ya Jumuiya. Mwaka 1977 Jumuiya yenyewe ikavunjika, na ile kinga ikavunjika nayo. Mtu aliyelala akiwa mwenyeji aliamka akiwa mgeni. Mpaka wetu na Tanzania ulifungwa mwaka ule na haukufunguliwa mpaka 1983. Mapatano ya kugawana mali na madeni ya ile Jumuiya yalitiwa sahihi Arusha tarehe 14 Mei 1984, miaka saba baadaye.

Babu alirudi Nakuru na sanduku la bati. Nyanya alidhani ndani yake mna nguo. Kumbe mna karatasi: barua ya kuajiriwa, barua za uhamisho, hati za mshahara za miaka kumi na tano. Watu walimcheka. Lakini ilipofika siku ya kuulizwa, "Wewe ulifanya kazi wapi, na tangu lini?" yeye alifungua sanduku. Wengine walifungua midomo tu.

Mimi mjukuu wake nilikwenda ng'ambo bila hata karatasi moja ya kutia katika sanduku.

KIPANDE NA KIBALI

Wako wanaosema, "Wazee wetu walipigania kuondoa kipande. Sasa nyinyi mnatuhubiria makaratasi?" Neno hilo ni zito na lastahili jibu.

Sheria ya kipande iliandikwa mwaka 1915 na ikaanza kushikwa baada ya ile vita kuu ya kwanza. Mwanamume Mwafrika alikining'iniza shingoni ndani ya kikopo cha bati, na ndani mna alama za vidole vyake, jina la bwana wake na mshahara wake. Katika mashamba ya Bonde la Ufa, kuanzia Naivasha mpaka Njoro na Molo, bwana asipotia sahihi kwamba amekuachilia, ulikuwa mtoro. Kipande kilimfunga mfanya kazi peke yake. Bwana hakufungwa na kitu.

Kibali cha kazi chenye mapatano yaliyotiwa sahihi na pande mbili huwafunga wote wawili. Imeandikwa saa, imeandikwa mshahara, imeandikwa nauli ya kurudi. Hiyo ndiyo tofauti. Sisemi kibali ni dawa ya kila ugonjwa. Katika nchi za Ghuba iko desturi ya kafala, ambayo humfunga mgeni kwa mwajiri aliyemleta, na watu wenye vibali halali wamelia pia. Lakini mwenye kibali analia akiwa amesimama mahali pa kusikiwa. Asiye nacho hulia chooni.

Na tusiwaonee wenzetu. Sheria yao ya kazi ya mwaka 2021, iliyoanza kushikwa Februari 2022, yakataza mwajiri kumtoza mfanya kazi gharama za kumleta, na yakataza kushika pasipoti yake. Watumishi wa nyumbani wana sheria yao mbali, ya mwaka 2022. Mwaka 2024 waliongeza faini ya mwajiri anayemfanyisha mtu kazi bila kibali, kuanzia dirham 100,000 mpaka milioni moja. Sheria iko. Mimi ndimi niliyeingia kwa mlango ambao sheria haiutazami.

VIZA YA BIASHARA NI NINI?

Sasa tufike kwenye neno lenyewe. Waswahili husema, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Hiyo ni desturi yetu ya nyumbani, na ni nzuri. Lakini serikali za dunia hazina desturi hiyo. Kwao mgeni ni mgeni hata siku ya sitini, na jembe hapewi mpaka awe na kibali cha jembe.

Viza ya kutembea ni ya kuona ndugu na kutazama nchi. Viza ya biashara ni ya mtu mwenye biashara yake nyumbani, aendaye kununua shehena, kuonana na wauzaji, kutazama maonyesho, kupatana bei, kisha akarudi. Kibali cha kazi ni cha mtu atakayelipwa mshahara na mwajiri wa nchi ile. Na mwenye kutaka kufungua duka au karakana yake kule anahitaji kibali kingine tena, cha mwekezaji au cha biashara ya kukaa.

Mkitaka kupima, jiulizeni swali moja: Nani atanilipa? Kama ninayelipwa naye yuko kwetu, au nikijilipa mwenyewe kwa faida ya mali niliyonunua, viza ya biashara yanifaa. Kama anilipaye ni bwana wa kule kwa kazi ya mikono yangu kule, hiyo ni kazi, hata wakiiita jina gani.

Wala jambo hili si la Waarabu tu. Hapa kwetu, kwa sheria ya Uraia na Uhamiaji ya mwaka 2011, mgeni ajaye kuajiriwa huomba kibali cha daraja la D, na ajaye kufanya biashara huomba cha daraja la G. Mchina wa reli mpya na Mkongo wa kuuza vitenge hawashiki karatasi moja. Kama sisi tunawataka wageni wetu waheshimu hayo, yafaa tuyaheshimu kwao.

Ninyi watu wa treni mwajua vema kuliko wengine. Dereva hatoki stesheni bila ruhusa ya njia, hata akiona reli tupu mbele yake mpaka upeo wa macho. Haendi kwa sababu njia yaonekana tupu. Huenda kwa sababu ameruhusiwa. Akienda bila ruhusa na likatokea la kutokea, hakuna atakayemtetea, hata Chama hiki.

KABLA YA KUONDOKA

Basi nimeandika mambo ambayo mimi sikuyafanya, ili ninyi myafanye.

Kwanza, soma jina la viza yako kabla ya kulipa senti. Kama imeandikwa mgeni, au matembezi, au biashara, nawe unakwenda kuajiriwa, rudisha. Ile ahadi ya "tutabadilisha ukifika" isiwe sababu ya kupanda ndege.

Pili, taka mapatano ukiwa bado hapa Nakuru, kwa lugha unayoisoma. Sheria yetu ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 83, yasema mapatano ya kazi ya nje sharti yawe katika namna iliyowekwa, yatiwe sahihi na pande zote, na yashuhudiwe na afisa wa kazi. Kifungu cha 84 kinamtaka afisa huyo ahakikishe kwamba umekubali kwa hiari, hukudanganywa, umeyaelewa masharti, una afya ya kazi hiyo, wala hukufungwa na mapatano mengine. Kifungu cha 85 ni juu ya dhamana ya pesa: mwajiri asiyekaa Kenya sharti aweke dhamana. Na kifungu cha 86 kinasema anayemshawishi mtu kwenda kazi ya nje bila mapatano rasmi ana hatia, faini mpaka shilingi 200,000, au kifungo mpaka miezi sita, au vyote viwili. Yule dalali wangu alikuwa akivunja sheria ya Kenya hapa hapa mjini, nami nilimnunulia chai.

Tatu, hakikisha wakala ana leseni. Iko Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2016, nayo huweka orodha ya mawakala walioandikishwa. Wakala asiyekuwamo humo, au asiyekuwa na ofisi wala risiti, mwache.

Nne, piga nakala tatu za kila karatasi: pasipoti, viza, mapatano, risiti. Moja uende nayo, moja ibaki kwa mke au mama, moja ibaki hapa kwa Katibu. Pasipoti ni mali ya serikali ya Kenya iliyo mkononi mwako. Si amana ya bosi.

Tano, ukifika, ujulishe ubalozi wetu kwamba upo. Katika Falme za Kiarabu tuna ubalozi Abu Dhabi na ubalozi mdogo Dubai. Usingoje mpaka siku ya msiba.

Sita, usikope kwa jina la rafiki kwa safari usiyoijua. Hili sina la kuongeza. Mnaniona.

JE, KARIBU NYUMBANI?

Kwenda ng'ambo si lazima iwe kuvuka bahari. Jumuiya ya Afrika Mashariki imefufuka, mkataba wake ukatiwa sahihi mwaka 1999, na tangu tarehe 1 Julai 2010 liko Soko la Pamoja, ambalo kifungu chake cha 10 ni juu ya wafanya kazi kwenda nchi hii na hii bila kubaguliwa. Kifungu hicho chatutambulia hata haki ya kujiunga na chama kule tuendako. Chama chetu chapaswa kukijua hicho kwa moyo.

Kanuni zake ni rahisi. Ukipata kazi ya zaidi ya siku 90 katika nchi mwanachama, unaomba kibali katika siku 15 za kazi tangu kutia sahihi mapatano, na ofisi yapaswa kukitoa katika siku 30. Kazi ya siku chache kuliko hizo ina pasi yake maalum. Kenya, Uganda na Rwanda zimeacha kutozana ada ya kibali. Lakini angalieni: si kila kazi imefunguliwa, kwa maana kila nchi iliandika orodha ya kazi inazozifungua, na orodha hizo hazilingani.

Tanzania yataka karatasi mbili, kibali cha kazi kutoka kwa Kamishna wa Kazi na kibali cha kukaa kutoka Uhamiaji. Tena mwezi wa Julai 2025 iliwakataza wasio raia kufanya biashara za namna 15, kama vile duka la rejareja, kutuma pesa kwa simu, kutengeneza simu na saluni, na mwenye kukaidi huweza kufutiwa viza na kibali chake. Nchi jirani zimelalamika na mazungumzo yamekuwako. Lakini wewe usiwe wa kupimia amri hiyo kwa mtaji wako.

CHAMA KIFANYE NINI

Bwana Mwenyekiti, naomba mambo matatu. La kwanza, liwepo daftari hapa ofisini, kila aendaye nje aandike jina la mwajiri, mji, na nambari ya kibali. La pili, Jumamosi moja kila mwezi wajumbe wawili wanaojua kusoma mapatano wakae hapa, na mwanachama yeyote, au mtoto wa mwanachama, alete karatasi yake isomwe bure. La tatu, arudiye mikono mitupu asichekwe. Mimi niliporudi nilikaa wiki mbili ndani ya nyumba kwa aibu. Dalali yule yule aliwapeleka vijana wengine wawili katika wiki hizo mbili. Kama ningetoka nikasema, pengine wasingekwenda. Aibu yangu ilimfanyia kazi dalali.

Hayo ndiyo yangu. 

MASWALI

Mzee mmoja wa genge aliuliza: Kijana wangu ameitwa kazi Kampala. Ameambiwa kitambulisho chatosha. Je, ni kweli?

Jibu: Kwa kupita mpaka, chatosha. Tangu mwaka 2014 Wakenya, Waganda na Wanyarwanda huvuka kwa kitambulisho. Lakini kitambulisho ni cha kupita, si cha kuajiriwa. Mzee, mwambie kijana atie sahihi mapatano kwanza, kisha aombe kibali katika zile siku 15. Hakitozwi ada, kwa hiyo mwajiri akisema ni ghali, ana neno jingine.

Mama mmoja, mke wa gadi, aliuliza: Mimi nauza viatu na hununua shehena Dubai mara mbili kwa mwaka. Je, umesema viza ya biashara ni mbaya?

Jibu: La, mama. Kwako wewe ni halali kabisa, kwa maana unakwenda na pesa zako na kurudi na mzigo wako. Ubaya ni mimi niliyejivika vazi lako. Tena watu kama mimi ndio wanaowafanya maafisa wawatilie shaka wafanya biashara wa kweli kama wewe. Kwa hilo nakuomba radhi.

Kijana mmoja wa karakana aliuliza: Ukipata nafasi tena, utakwenda?

Jibu: Nitakwenda. Nina watoto wawili, na kazi ya kuchomea naijua. Lakini safari hii mapatano yatasomwa kwanza na mke wangu, halafu na Katibu, halafu na afisa wa kazi. Wadhamini sitawatafuta.

(Wajumbe walikubali ombi la daftari na la Jumamosi ya kusoma mapatano. Daftari liko kwa Katibu, na Jumamosi ni ya kwanza ya kila mwezi, saa nne asubuhi. Njoo na karatasi zako kabla hujalipa, si baada. – Mhariri)